Karata za Msimu wa Nne

Kutoka shuleni hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano, lakini Mawazo aliutembea kwa dakika arobaini. Hakuwa mtundu wala mgomvi. Alikuwa akiwaza tu. Akikuta dimbwi la maji, alichutama kando yake mpaka likawa ziwa, na jani lililoelea juu yake likawa na abiria, nahodha na mizigo. Akiona nyufa kwenye ukuta, kwake zilikuwa mito na barabara za nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika. Jina lake halisi liliandikwa kwenye daftari la mahudhurio, na huko ndiko lilikokaa kwa amani, maana mtaa mzima ulimwita Mawazo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pa kazi, chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na kapu la vipande vya nguo ambamo paka alijifanya mwenye nyumba.

"Leo ulipitia mwezini?" mama aliuliza bila kuondoa mguu kwenye pedeli.

"Hapana, Mama. Nilipitia dukani, kama ulivyonituma."

"Chumvi iko wapi?"

Mawazo alitazama mikono yake. Chumvi ilikuwa bado dukani. Mama alicheka kwa pua, akamrudisha njia, na mboga zikachelewa kuiva. Ndivyo siku zao zilivyokwenda: shule, chakula, vyombo, kazi ya nyumbani ya shule, kisha kushona vifungo vya mashati ya wateja hadi jua lilipoanza kuondoka dirishani.

Jumamosi ilikuwa siku tofauti. Asubuhi, kwenye chumba cha juu cha maktaba, walikutana wapenzi wa michezo ya mezani. Walikuwa watu wa kila aina, wakubwa kwa wadogo, na mbele ya ubao wote walikuwa sawa. Mwashi aliyejenga nyumba za watu aliweza kushindwa na mtoto wa darasa la tano, akakubali kushindwa, na kesho yake akaamka salama. Aliyewasimamia alikuwa mkutubi, mama mmoja mwembamba aliyevaa miwani kwa kamba shingoni. Kila mtu alimwita Mama Vitabu.

Michezo yenyewe ilikuwa adimu, na hata mchezo mtamu, ukichezwa mwaka mzima, huchosha. Kwa hiyo mara tatu kwa mwaka walifanya jambo waliloliita mzunguko. Kila aliyetaka kubadilisha mchezo wake alijaza karatasi yenye mambo matatu: mchezo nilio nao, hali yake, na michezo ambayo ningeikubali badala yake. Mama Vitabu alikusanya karatasi hizo, akakaa nazo siku kadhaa akizipanga na kuzipangua.

Uzuri wa mzunguko ni huu. Mimi nautaka mchezo wako, lakini wewe huutaki wangu. Tungekuwa wawili tu, tungeishia hapo, kila mtu na boksi lake na huzuni yake. Lakini yupo mtu wa tatu anayeutaka wangu, na ana kitu anachokitaka wa nne, na wa nne ana kile unachokitafuta wewe. Basi mimi nampa wa tatu, wa tatu anampa wa nne, wa nne anakupa wewe, na wewe unanipa mimi. Kila mtu anampa mtu ambaye hakumpa yeye kitu, na wote wanarudi nyumbani wakitabasamu. Ila mzunguko una udhaifu mmoja. Mtu mmoja akijitoa, unavunjika wote.

Mawazo alitaka mchezo mmoja tu duniani. Uliitwa Visiwa vya Ukungu, na ulikuwa wa mama mwenye duka la dawa, ambaye kikundi kizima kilimwita Mama Dawa. Ubao wake ulikunjuliwa mara nne, bahari ya rangi ya kijivu ikatanda meza nzima. Juu ya bahari hiyo kulikuwa na visiwa ishirini na vinne vya mbao, kila kimoja kimefunikwa kifuniko cheupe. Hukujua chini ya ukungu kuna nini mpaka ufike na ukiinue. Mawazo aliwahi kuucheza mara moja, na kwa siku tatu baada ya hapo alitembea nyumbani kama mgeni. Akiletewa uji, aliuinua mvuke kwa macho kwanza, aone kuna nini chini.

Yeye alikuwa na mchezo wa Mzinga. Ulikuwa na ubao wa vyumba vya pembe sita, nyuki arobaini wa mbao, malkia mmoja, dadu mbili, na karata arobaini na nane za misimu minne: msimu wa maua, wa jua, wa mvua, na wa nne, msimu wa kurudi, ambapo nyuki wote hurejea mzingani na mshindi hujulikana. Kila msimu ulikuwa na karata kumi na mbili.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye msimu wa nne. Mwaka uliotangulia, Mawazo alizichukua karata zile kumi na mbili akazipanga juu ya ukuta mfupi wa uani, ili awaone nyuki wakirudi nyumbani kwa mstari. Upepo ukaja. Karata zikapaa juu ya mapaa ya majirani, zikipinduka na kung'aa. Mtoto mwingine angekimbia kuzifuata. Mawazo alisimama akizitazama, maana zilikuwa zinapendeza sana, na alipokumbuka kwamba ni zake, hakuiona hata moja. Tangu siku hiyo, nyumbani walicheza misimu mitatu, wakahesabu asali, wakatangaza mshindi. Walikwisha kuzoea.

Basi siku ya kujaza karatasi, kalamu yake ilisimama penye neno "hali". Aliwaza kuandika ukweli. Akawaza pia kwamba hakuna atakayeutaka mchezo usiokuwa na mwisho, na bila mtu wa kuutaka hakuna visiwa. Mbele ya macho yake ukungu mweupe ukaanza kuinuka taratibu. Akaandika neno moja: kamili.

Jumatano orodha ilibandikwa mlangoni mwa maktaba. Mzunguko ulikuwa wa watu tisa. Mawazo alifuata mishale kwa kidole. Mama Dawa anampa Mawazo Visiwa vya Ukungu. Mawazo anampa mwashi Mzinga. Kisha mshale uliendelea kwa wengine, ukapita kwa rafiki yake wa darasani aitwaye Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, na mwisho ukarudi kwa Mama Dawa. Mawazo alirudi nyumbani bila kukanyaga ardhi, na kwa mara ya kwanza hakuchelewa.

Kesho yake jioni alikuwa ameketi karibu na dirisha akishona vifungo, hodi ikabishwa mlangoni.

"Karibu, Fundi," mama alisema.

Aliyeingia alikuwa yule mwashi, mtu mrefu mwenye vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na ovaroli iliyochanika.

"Nimeleta mgonjwa, Mama. Goti limetoka nje kuitazama dunia."

"Goti hili nililishona mwezi uliopita."

"Sasa nifanyeje? Sakafu za watu hazijisakafii zenyewe." Halafu akamwona Mawazo, uso ukamfunguka. "Kumbe hapa ndipo kwenu? Mama, huyu mwanao ndiye mtu wangu. Jumamosi ananipa Mzinga."

Mawazo alijaribu kutabasamu. Mama alimsogezea mgeni kiti, na mwashi, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akaketi akasimulia.

Yeye na dada yake mkubwa walikulia kwenye mchezo huo. Kila likizo waliutandika sakafuni wakacheza mpaka waitwe kula mara tatu. Katika msimu wa nne kulikuwa na karata moja iliyosema: Nyuki amelala ndani ya ua, mngojeni. Ilipotokea, wachezaji wote walitakiwa kunyamaza kimya na kuhesabu kumi moyoni.

"Dada hakuwahi kufika kumi," mwashi alisema. "Akifika tatu, mabega yanaanza kutikisika. Akifika tano, amekwisha. Tunacheka wote mpaka nyuki wanadondoka ubaoni."

"Yuko wapi siku hizi?" mama aliuliza.

"Mbali sana, kikazi. Mwaka wa kumi na moja sasa sijamwona. Anafika Jumapili, atakaa siku mbili tu. Mimi sitamwambia kitu. Nitaliweka boksi mezani, nitakwenda jikoni kuchemsha chai, na nikirudi nitamkuta amekwisha kulifungua." Alicheka peke yake, kana kwamba dada alikuwa amekwisha kufika. "Miaka mitatu ninautafuta mchezo huu. Ahsante sana, mwanangu."

Alipoondoka, mama aliigeuza ovaroli upande wa ndani, akalichunguza goti.

"Kumbe zile karata zilipatikana," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli, na mama mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Lakini ulimi wa Mawazo ulikwenda upande mwingine.

"Zilipatikana."

"Afadhali. Nilikuwa nikizisikitikia," mama alisema, akakanyaga pedeli, na cherehani ikaendelea.

Ijumaa, kipindi cha jiografia, Mawazo alifanya kama alivyofanya siku zote mwalimu alipokuwa akichora ramani: aliondoka darasani bila kunyanyuka kwenye dawati. Alifika kwenye bahari yake ya kijivu. Maji yalikuwa matulivu, na kisiwa cha kwanza kilikuwa mbele yake na ukungu wake mweupe. Siku nyingine, chini ya ukungu alikuta mnara, au chemchemi, au bustani isiyo na mtu. Siku hiyo alikuta meza. Mezani waliketi watu wawili, mwanamume na mwanamke, nyuki wa mbao wametandazwa mbele yao, wakingoja karata. Hawakusema neno. Alikwenda kisiwa cha pili, akaikuta meza ileile. Cha tatu, vilevile. Hata ndotoni kwake hakukuwa na mahali pa kukimbilia, na hilo lilimtia hofu kuliko fimbo.

Wakati wa mapumziko alimweleza Redio kila kitu. Redio alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilikuwa nadra.

"Wewe unahangaika bure," alisema. "Unayempa siye anayekupa. Mama Dawa hadhuriki, atapata chake kwa mtu mwingine. Fundi akikosa hizo karata, atadhani zimeanguka njiani."

"Dada yake anakuja Jumapili."

"Sasa wewe dada yake unamjua? Sikiliza, Mawazo. Ukisema, mzunguko unavunjika. Watu tisa tunarudi na maboksi yetu kwa sababu yako. Mimi nimeungoja mchezo wangu wa treni tangu mwaka jana. Utanitazamaje?"

Mawazo aliona kwamba Redio alisema kweli juu ya watu tisa, na hapo ndipo moyo wake ulipopasuka vipande viwili. Akinyamaza, anamwumiza mtu mmoja, na yeye hatakuwepo kumwona akiumia. Akisema, anawaumiza wanane mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe anakosa visiwa.

Baada ya shule, miguu yake haikwenda nyumbani. Ilikwenda maktaba. Mama Vitabu alikuwa nyuma ya meza yake akipaka gundi kwenye kitabu kilichobanduka jalada.

"Shikamoo, Mama Vitabu."

"Marahaba. Leo si Jumamosi."

"Kwenye karatasi yangu niliandika kwamba Mzinga ni kamili." Mawazo alilitazama kopo la gundi. "Si kamili. Msimu wa nne wote haupo. Nilijua wakati ninaandika."

Mama Vitabu aliirudisha brashi kwenye kopo la gundi. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaifuta tena.

"Mama yako anajua?"

"Nilimwambia karata zilipatikana."

"Basi una kazi mbili. Leo utaanza na mama yako. Kesho utawaambia wenzako, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni." Sauti yake haikuwa kali, lakini haikuwa laini pia. "Na karatasi isiyo ya kweli haikai kwenye mzunguko. Hiyo unaijua."

"Naijua."

Nyumbani, mama alipomsikia, alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Hata wateja walipoingia hakuwahi kufanya hivyo.

"Uliponiambia zimepatikana, nilifurahi," alisema. "Furaha ile kumbe haikuwa na kitu ndani." Kisha akaifunika cherehani kabla ya wakati, na Mawazo akalia.

Jumamosi watu walifika mapema. Kila mmoja alikuwa na boksi lake magotini, limefungwa vizuri kwa utepe wa gundi. Mawazo alisimama mbele yao. Chumba kilikuwa kimejaa mwanga wa asubuhi, na kwa kitambo kidogo alitamani sana aufuate mwanga ule utokee naye dirishani. Hakwenda. Alisema yote, tangu karata zilipopaa hadi neno "kamili".

Redio aliviangalia viatu vyake. Mama Dawa ndiye aliyetangulia.

"Nimefunga duka asubuhi nzima kwa ajili ya jambo hili," alisema. "Wagonjwa wanabisha mlango uliofungwa, mimi niko hapa na boksi. Kweli, mwanangu?"

"Nisamehe, Mama."

Mama Vitabu alizitandaza karatasi nane zilizobaki sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuzipanga upya. Wote waliinama kumtazama. Karatasi zilisogezwa, zikarudishwa, zikasogezwa tena. Mwishowe watu watano walipata mzunguko mdogo, na Redio alikuwa miongoni mwao. Watatu walibaki nje pamoja na Mawazo: Mama Dawa, kinyozi mmoja mpole ambaye hakulalamika, na mwashi.

"Kuanzia leo," Mama Dawa alisema, "kila boksi lifunguliwe hapahapa na lihesabiwe kabla halijatoka."

Wakakubaliana. Meza moja ikasogezwa karibu na mlango, ikawa meza ya kuhesabia. Zamani maboksi yalipita mkono kwa mkono kwa mizaha na vicheko. Sasa watu walikata tepe, wakamwaga kete mezani, wakahesabu moja, mbili, tatu, huku mwenye mchezo amesimama kando kama mtu anayesachiwa mifuko. Mawazo aliitazama meza ile na kujua kwamba ni yeye aliyeileta pale.

Mwashi alimfuata Mawazo dirishani, akasimama kando yake akitazama nje.

"Ungeandika kwamba msimu wa nne haupo, unajua ningefanya nini?"

"Ungeukataa."

"Ningeuchukua. Karata zile tumecheza nazo miaka mingapi? Ningekuwa na siku nne za kuzikumbuka na kuziandika." Alikuna kidevu. "Ndicho kinachonisikitisha. Uongo wenyewe haukuhitajika."

Mawazo alilisukuma boksi mbele yake. "Lichukue, Fundi. Ni lako kabisa."

"Hapana. Hapa tunabadilishana, hatupeani. Na wewe uko nje ya mzunguko." Halafu akafikiri. "Lakini kuazima hakujakatazwa. Dada anafika kesho mchana. Wewe karata zile unazikumbuka?"

Alikuwa akimwuliza mtu sahihi. Mawazo, ambaye hukumbuka ndoto zote na kusahau chumvi, alikuwa akizikumbuka karata tisa neno kwa neno, pamoja na rangi ya maua yaliyochorwa pembeni. Mwashi alizikumbuka saba. Mama Vitabu aliwapa karatasi ngumu, na wakakaa kwenye meza ya kona kulinganisha. Nyuki amebeba mzigo mkubwa, rudi nyuma hatua mbili. Mvua imechelewa, vuka mto. Malkia ameita, wote twendeni. Walibishania karata moja: mwashi alidai nyuki hupoteza asali vipimo viwili, Mawazo akasema vitatu. Wakaandika viwili, kwa kuwa mwashi alikuwa ameanza kuicheza kabla Mawazo hajazaliwa. Zilipochanganywa, zilifika kumi na mbili.

Tatizo likawa kukata. Mkasi wa maktaba ulikuwa butu, ukaitafuna karatasi. Mawazo alikimbia nyumbani, kweli alikimbia, akarudi na mama yake. Sasa, yeyote aliyewahi kuishi na fundi cherehani anajua kwamba mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Ukikata karatasi unakufa makali, na mtoto anayethubutu hukoma. Mama alizitazama karata zilizochorwa nyuki, akamtazama mwashi, akautoa mkasi wake mkubwa kwenye mfuko.

"Leo tu," alisema, akakata zote kumi na mbili mwenyewe, zikiwa zimenyooka pembe zote.

Jumatatu jioni mwashi alilirudisha boksi. Alifika akiwa amejiosha, hana vumbi hata kidogo, mpaka mama hakumtambua haraka.

"Dada alicheka?" Mawazo aliuliza.

"Alipolifungua boksi, alilia kwanza. Baadaye ikatokea ile karata ya nyuki aliyelala." Mwashi aliliweka boksi mezani. "Hakufika hata tatu."

Miezi minne ilipita, ukaja mzunguko mwingine. Mawazo aliketi na karatasi yake muda mrefu. Penye neno "hali" aliandika kwamba karata thelathini na sita ni za asili. Kwamba kumi na mbili za msimu wa nne zimeandikwa kwa mkono na watu wawili kwa kumbukumbu. Kwamba huenda moja ina kosa la asali. Na kwamba nyuki mmoja ana alama ya meno ya paka. Nafasi ilikwisha, akamalizia nyuma ya karatasi. Aliona kabisa kwamba kwa maneno hayo huenda hatapata chochote.

Orodha ilipobandikwa, mzunguko ulikuwa wa watu saba. Mama Dawa, ambaye bado alikuwa na mchezo wake, alimpa Mawazo. Mawazo alimpa mwashi.

Jumamosi hiyo meza ya kuhesabia ilikuwa mahali pake, karibu na mlango. Mama Dawa alivimwaga visiwa, akahesabu kwa sauti kifuniko kwa kifuniko, na Mawazo akahesabu naye mpaka ishirini na vinne. Vyote vilipokwisha kurudishwa ndani, boksi likawekwa mikononi mwake. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Moyo ulimdunda kwa furaha, lakini hakulifungua, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika.

Aliliweka boksi la Mzinga mezani na kutaka kuubandua utepe. Mkono wa mwashi ukatangulia, ukalichukua boksi, ukalitia kwapani.

"Hujahesabu, Fundi," Mawazo alisema.

"Nimesoma karatasi yako."

"Lakini lazima..."

"Nimeisoma yote, mbele na nyuma. Hadi meno ya paka." Akamuaga Mama Vitabu kwa kichwa, akaelekea mlangoni.

Mama Dawa alisogea kando akampisha. Mama Vitabu akamsogelea Mawazo, miwani ikining'inia kifuani.

"Umeona, mwanangu? Safari hii mchezo wako una mapungufu matatu, yote umeyaandika mwenyewe, na umepita bila kuhesabiwa. Mara ya kwanza uliuita kamili, na tangu siku hiyo tunahesabu kila kitu. Watu hawakuombi uwe na vitu visivyo na kasoro. Wanaomba ukisema jambo, waweze kwenda nalo nyumbani."

Mawazo alilikumbatia boksi la visiwa. Alitazama mlangoni, ambako mwashi alikuwa akishuka ngazi taratibu na boksi lake kwapani, utepe bado umefungwa.